Miezi Mitatu ya Mwisho: Yanayomhusu Mjamzito, Mume na Fiqhi

Bismillahi Rahmani Rahim.



Darsa la toleo hili ni juu ya ujauzito, na nimechukua kipande kimoja tu cha safari hiyo: kuanzia wiki ya 28 mpaka mtoto anapozaliwa. Sababu iko wazi kwa kila anayeishi nasi hapa Nkoma. Wengi wetu tumeoa au tumeolewa tukiwa bado masomoni. Yuko kaka anayesoma hapa Mbale, na mkewe yuko Jinja, Walukuba au Bugembe, kwa wazazi wake, tumbo limeshakuwa kubwa na mitihani haijaisha. Yuko dada anayepanda ngazi za darasani akiwa na mimba ya miezi minane. Tukiulizwa hukumu ya talaka tatu za mpigo tutajibu kwa madhehebu manne. Tukiulizwa ni maumivu gani ya kichwa yanayompeleka mjamzito hospitali usiku uleule, tunatazamana.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si tabibu. Ya kitabibu niliyoyaandika hapa ni yale ambayo mkunga yeyote wa kliniki atakueleza ukimuuliza, na uende ukamuulize.

Miezi sita ya wanazuoni

Tuanze na hesabu, kwa sababu ni hesabu nzuri. Katika Suratul Ahqaf aya ya 15, Mwenyezi Mungu ametaja kubeba mimba na kumwachisha mtoto ziwa kwa pamoja kuwa ni miezi 30. Katika Suratu Luqman aya ya 14 ametaja kuachisha ziwa peke yake kuwa ni miaka miwili, yaani miezi 24. Ondoa 24 katika 30, inabaki sita. Hapo ndipo masahaba walipotoa hukumu kwamba mimba fupi kabisa inayoweza kuleta mtoto hai ni ya miezi sita. Riwaya zinatofautiana: nyingine zinasema kisa kilitokea zama za Umar, nyingine zama za Uthman, na mtoa hoja ni Ali au Ibn Abbas, Allah awaridhie wote. Lakini kiini ni kimoja. Mwanamke alijifungua miezi sita baada ya ndoa, watu wakamdhania zinaa, na aya mbili zikasomwa pamoja kumtetea.

Sasa linganisha na hesabu ya mkunga. Miezi sita ya mwandamo ni siku kama 177. Mkunga haanzi kuhesabu siku mimba ilipotunga, bali siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni wiki mbili nyuma yake. Ongeza siku 14, unapata 191, nazo ni wiki 27 na siku mbili. Yaani mlango ule ambao wanazuoni waliuita mwisho wa muda mfupi wa mimba uko palepale ambapo kadi ya kliniki inaandika mwanzo wa miezi mitatu ya mwisho. Sisemi kwamba fiqhi ilikuwa inafundisha uzazi. Nasema tu kwamba anayezijua hesabu zote mbili hatababaika mkewe akizaa mapema, wala hatamtilia mtu shaka kabla ya kuhesabu.

Mimba iliyokamilika ni siku 280 kwa hesabu ya mkunga, karibu miezi tisa na nusu ya mwandamo. Kwa hiyo dada anayehesabu kwa Rajabu na Shaabani asishangae kuona "mwezi wa tisa" umepita na mtoto hajatoka. Amwambie mkunga tarehe ya hedhi, sio idadi ya miezi.

Mwili unavyokuwa

Mtoto wa wiki ya 28 ana uzito wa kama kilo moja. Akizaliwa kwa wakati wake mara nyingi amefika kilo tatu. Kilo hizo zote zinaongezeka ndani ya wiki 12, na kila kinachomsumbua mama kinatokana na hilo. Tumbo linasukuma mapafu, anahema akipanda kilima kidogo tu. Linabana tumbo la chakula, kiungulia kinapanda akilala. Linakandamiza kibofu, anaamka kukojoa mara nne usiku. Mgongo unauma, miguu inavimba jioni, misuli ya ndama inakaza ghafla usingizini. Haya ni ya kawaida. Kula kidogo kidogo, kunywa maji, kuinua miguu, na kulala kwa ubavu, hasa wa kushoto, badala ya chali, kwa sababu akilala chali tumbo linaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Tumbo pia hukaza na kuachia bila mpango. Wakunga wanauita uchungu wa uongo. Unakuja, unapotea mama akitembea au akinywa maji, hauongezeki nguvu. Uchungu wa kweli unajipanga: vipindi vinakaribiana, vinarefuka, na kutembea hakuupunguzi.

Mtoto anacheza, na mama ndiye anayejua anavyocheza. Akiona amepunguza kucheza kuliko alivyozoea, asingoje kesho. Aende. Wapo wanaosema mtoto hunyamaza mwishoni kwa kuwa nafasi imebana. Hilo si kweli, mtindo wa kucheza unaweza kubadilika lakini hanyamazi.

Hudhurio la kliniki huongezeka kipindi hiki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara nane katika mimba nzima, na tano kati ya hizo ziko katika miezi hii ya mwisho. Hapo anapimwa presha, mkojo, wingi wa damu, na mlalo wa mtoto. Kwetu huku malaria haipumziki, kwa hiyo kuna dozi za Fansidar za kukinga, zikipishana mwezi mmoja au zaidi, na chandarua kila usiku. Anayetumia Septrini kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi Fansidar, ndiyo maana ni muhimu asimfiche mkunga kitu. Vidonge vya kuongeza damu vinachafua tumbo na kubadilisha choo kuwa cheusi. Avumilie avimeze.

Neno juu ya dawa za mitishamba. Busoga na Buganda wajawazito wengi wanatumia emmumbwa, ule udongo uliochanganywa na majani, na Bugisu kuna mizizi yake. Sitawakejeli bibi zetu. Lakini baadhi ya dawa za "kufungua njia" zinazonywewa mwishoni hukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, na mfuko uliokazwa hivyo unaweza kupasuka. Kama mama amekunywa kitu, amwambie mkunga alichokunywa, bila haya.

Kichwa, macho na kinachoitwa majini

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo dini yetu inapotumiwa vibaya.

Kuna ugonjwa unaoanza baada ya wiki ya 20 na kushamiri zaidi katika miezi ya mwisho. Presha inapanda kufika 140 juu ya 90 au zaidi, na mara nyingi mkojo unaonyesha protini. Mama anaweza asihisi chochote mwanzoni. Baadaye kichwa kinauma vibaya na dawa haikitulizi, macho yanaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono vinavimba, maumivu yanakaa chini ya mbavu upande wa kulia. Asipotibiwa anaweza kuanguka, akatetemeka mwili mzima, akatoka povu, akapoteza fahamu. Hicho ni kifafa cha mimba.

Mwanamke mjamzito anaanguka, anatoka povu, hajui aliko. Watu wa nyumbani wanasema nini? Wanasema majini. Anaitwa sheikh, zinaletwa sahani ya maji na zafarani, mlango unafungwa. Na kila dakika inayopita ndani ya mlango ule ubongo wake unaumia na mtoto anakosa hewa.

Sisi tunaosoma dini ndio tutakaoitwa. Ndugu yangu, wewe unayehitimu mwaka huu utarudi Namutumba au Budaka, utakuwa imamu, na usiku mmoja mtu atabisha mlango akwambie njoo usome, mke wa fulani amepagawa. Ukimkuta ana mimba kubwa, swali lako la kwanza liwe la mimba, kabla ya swali la majini. Ruqya haijakatazwa. Soma Ayatul Kursiy, soma Mu'awwidhat, lakini zisome ndani ya gari linalokwenda hospitali. Kama ni jini, Qur'ani inasomeka popote, hata njiani. Kama ni presha, kinachohitajika ni sindano ya magnesiamu salfeti na mtoto kuzalishwa, na hivyo viwili haviko kwenye sahani.

Dawa hiyo haina utata. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti mkubwa wa zaidi ya wanawake 10,000 kutoka nchi 33, ukaonyesha kwamba waliopewa magnesiamu salfeti walipungukiwa na hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Kuna hoja nyingine inayosikika msikitini: anayekufa kwa uzazi ni shahidi, basi tukubali. Kweli, Mtume (s.a.w.) alimhesabu mwanamke anayekufa na mimba miongoni mwa mashahidi. Lakini katika hadithi hiyohiyo amewahesabu pia anayekufa maji na anayeangukiwa na jengo. Hakuna mzazi wa Jinja anayemwona mwanawe akizama kwenye Nile akakaa ukingoni kwa kuwa ni shahidi. Hadithi ni faraja kwa waliofiwa baada ya kufanya linalowezekana, haimwondolei mtu wajibu wa kukodi gari.

Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa afya zinaonyesha vifo vya uzazi Uganda vilikuwa 336 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai mwaka 2016, vikashuka hadi 189 mwaka 2022. Kwa hiyo vinazuilika, kwa sababu vinapungua. Kutokwa damu na presha ya mimba bado ni miongoni mwa sababu kubwa.

Mwambie mkeo, au jiambie mwenyewe dada, mambo yasiyongoja asubuhi: damu yoyote ukeni, kichwa kikali pamoja na kuona ukungu, degedege, maji ya uzazi kuvuja kabla ya wakati, homa, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, na mtoto kupunguza kucheza.

Kupasuliwa

Baadhi ya familia zetu zinaogopa operesheni kuliko zinavyoogopa kifo. Wanazuoni wa Kishafi walijadili suala zito kuliko hili: mjamzito amekufa, na tumboni mtoto anatarajiwa kuwa hai. Jibu lao, kama alivyolieleza Imamu Nawawi, ni kwamba tumbo lipasuliwe atolewe, ikiwa anatarajiwa kuishi kwa kuwa amefikisha miezi sita au zaidi. Miezi sita ileile. Maiti ya Muislamu ina heshima kubwa, na bado wakaruhusu kisu kwa ajili ya uhai wa mtoto. Itakuwaje basi kwa mama aliye hai, ambaye kisu kinamwokoa yeye na mwanawe pamoja?

Na asikwambie mtu kwamba ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1879 tabibu kijana wa Uingereza, Robert Felkin, alishuhudia mpasuaji wa Kinyoro akimzalisha mama kwa operesheni huko Kahura, Bunyoro. Mvinyo wa ndizi ulitumika kumlevya mama na kuoshea mikono, jeraha likafungwa kwa pini za chuma na kupakwa dawa ya mizizi, na mama na mtoto wakaishi. Mvinyo tuuache walikouacha, lakini ujuzi huo ulikuwa wetu.

Juu ya daktari mwanamume: akipatikana mwanamke mwenye ujuzi, atangulizwe. Asipopatikana, dharura inaruhusu, kwa kiasi cha haja yake. Haijuzu kumwacha mama avuje damu akisubiri daktari wa kike atoke Kampala. Vilevile saini. Mke mtu mzima mwenye akili anatia saini mwenyewe. Hakuna haja ya kumtafuta mume kwa simu isiyopatikana. Kaka, mwambie mkeo mapema kwamba umeridhia lolote daktari atakaloona, ili asibaki na wasiwasi huo mezani.

Swala na saumu

Swala haianguki, inapungua uzito. Hadithi ya Imran bin Huswayn katika Bukhari imeweka ngazi: kusimama, asiyeweza akae, asiyeweza alale ubavu. Dada wa mwezi wa tisa anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame, kisha akae kwenye kiti na kuashiria, sijida ikiwa chini kuliko rukuu. Asilazimishe paji la uso sakafuni kwa kuogopa macho ya walio nyuma yake.

Saumu ina ruhusa iliyothibiti kwa mjamzito na mnyonyeshaji. Kwa Shafi, ambalo ni dhehebu la wengi wetu hapa, akila kwa kuhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, analipa kadha tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, analipa kadha na fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wahanafi wanasema kadha tu. Hofu hiyo inajulikana kwa uzoefu wake, au kwa neno la mkunga anayeaminika. Kizunguzungu, mkojo mweusi wa kahawia, uchungu unaoanza mapema, mtoto kunyamaza mchana: hizo ni hofu tosha, afungue saa hiyohiyo.

Kuna utafiti unaotuhusu. Mwaka 2011 wanauchumi Almond na Mazumder walichapisha uchambuzi uliotumia, pamoja na takwimu za Marekani na Iraki, sensa ya Uganda ya 2002. Walikuta kwamba Waislamu wa Uganda ambao mwanzo wa mimba yao uliangukia Ramadhani walikuwa na ulemavu zaidi ukubwani. Hawakujua ni mama gani aliyefunga na nani hakufunga, na athari iliyoonekana sana ni ya mwezi wa kwanza wa mimba, sio ya mwisho. Kwa hiyo usiusome kupita unachosema. Lakini unatosha kumnyamazisha shangazi anayemwita mjamzito mvivu kwa sababu amekula mchana.

Na tende? Maryam alielekezwa kwenye tende alipokuwa na uchungu, imo katika Suratu Maryam. Utafiti wa Jordan wa mwaka 2011 ulikuta wanawake waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho walihitaji dawa za kuanzisha uchungu kwa uchache zaidi. Walikuwa 69 wakilinganishwa na 45, na hawakugawanywa kwa kura, basi ni dalili tu. Mwenye kisukari cha mimba amuulize mkunga kwanza.

Kabla ya siku yenyewe

Amueni mapema atazaliwa wapi. Kituo cha ngazi ya tatu kinazalisha, lakini chumba cha upasuaji kiko kuanzia ngazi ya nne. Aliyepasuliwa zamani, mwenye pacha, mwenye presha, au ambaye mtoto ametanguliza makalio baada ya wiki ya 36, apange hospitali moja kwa moja, ya rufaa ya Jinja au ya Mbale. Usimsafirishe mke wa wiki ya 38 kwa taxi kutoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi ili tu azalie karibu nawe. Safari hiyo ifanye wewe.

Wekeni namba za madereva wawili, si mmoja, kwa sababu wa kwanza huwa amezima simu. Wa bodaboda anafaa asubuhi. Kwa mama anayevuja damu usiku tafuta gari. Mnaoishi upande wa mito ya Nabuyonga na Namatala mnakumbuka mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, barabara zikawa maji. Mimba ikiangukia mvua nyingi, mama ahamie karibu na hospitali wiki mbili kabla.

Mfuko uwe tayari kuanzia wiki ya 34: kadi ya kliniki, glavu, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, kaveera la kutandika, sabuni, khanga tatu, nguo za mtoto. Serikali hutoa vifaa hivi, lakini huisha. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki za mama. Uamuzi huo ni mzuri, nanyi bebeni glavu.

Na damu. Benki ya damu ya kanda iko hapahapa Mbale, na hupungukiwa likizo kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi. Kaka ambaye hana mke bado, hii ndiyo sehemu yako katika darsa hili: changia kabla ya kufunga chuo.

Uchungu na damu yake

Suala hili huulizwa na dada kwa sauti ya chini. Damu inayotoka pamoja na uchungu, mtoto hajatoka, kwa Shafi si nifasi. Nifasi inaanza mfuko wa uzazi ukishakuwa mtupu. Wahanbali wanaihesabu nifasi ikitangulia kuzaa kwa siku mbili au tatu pamoja na dalili za uchungu. Maji ya uzazi yakipasuka nayo si nifasi. Yanavunja udhu, hayaondoi swala. Anayeweza kuswali baina ya uchungu na uchungu aswali kwa namna anayoweza, hata kwa kuashiria akiwa kitandani. Akizidiwa swala ikampita, atailipa akitwaharika.

Baada ya kuzaa, nifasi kwa kawaida ni siku 40, na kwa Shafi inaweza kufika 60. Damu ikikatika siku ya 20, anaoga na kuswali siku ya 20, hangoji 40 kama wengi wanavyofanya huku kwetu. Lakini damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine ndani ya saa chache haihitaji mufti, inahitaji gari lile la namba ya pili.

Eda ya mjamzito aliyeachwa au kufiwa, pamoja na akika na jina, tutaziweka toleo lijalo, inshallah. Wallahu aalam.